UZI: GIS kwa anayeanza. Tuache rangi za ramani kwanza, tuongee koordineti

Pembe_Tatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "GIS ni nini na nianzie wapi" linarudi humu kila mara. Jibu nalo ni lile lile: pakua QGIS (programu ya GIS ya bure), tafuta video, kazi kwako. Mtu anaishia kujua kubofya bila kujua anabofya nini. Nimeamua niweke misingi sehemu moja. Wataalamu mtanisahihisha, wageni ulizeni bila aibu.

GIS, yaani Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, si programu ya kuchora ramani. Ramani ni zao lake mojawapo tu. Kama shida yako ni ramani ya kupendeza ya kubandika ukutani, programu ya usanifu wa picha itakufaa zaidi. GIS ni hifadhidata ambayo kila kilichomo kinajua kiko wapi duniani. Kwenye mchoro, kisima ni kiduara cha bluu. Kwenye GIS, kisima ni mstari mzima wa jedwali: kina chake, mwaka kilipochimbwa, kinatoa maji au kimekauka, na koordineti zake, yaani namba zinazoonyesha kiko wapi. Kiduara cha bluu ni vazi tu. Ndiyo maana unaweza kuuliza: shule zipi ziko zaidi ya kilomita mbili kutoka kisima chochote chenye maji? Mchoro hauwezi kujibu hilo, hata uwe mzuri namna gani.

Hata chimbuko lake ni hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Kanada ilikuwa inakusanya ramani za ardhi ya nchi nzima: wapi panafaa kilimo, wapi misitu, wapi wanyamapori. Ramani zilikuwa lundo. Kuzipandanisha kwa mkono na kupima maeneo yanayokutana kungehitaji jeshi la watu. Mwanajiografia Roger Tomlinson akapendekeza kazi hiyo ipewe kompyuta, na mfumo uliozaliwa hapo, Canada Geographic Information System, ndio kwa kawaida unatajwa kuwa GIS ya kwanza ya kweli. Angalia shida yao ilikuwa nini: kujibu swali la "hekta ngapi". Uzuri wa ramani haukuwa hoja.

Data zenyewe ziko za aina mbili. Kitu chenye mpaka au mahali bayana huwekwa kama vekta: nukta, mstari au poligoni. Kitu kinachobadilika hatua kwa hatua kutoka mahali hadi mahali, kama mwinuko, joto au mvua, huwekwa kama rasta, yaani gridi ya pikseli, kila pikseli na namba yake. Picha za setilaiti zote ni rasta. Kipi kiwe nukta na kipi kiwe poligoni hutegemea swali lako: mji ni nukta ukitazama bara zima, lakini ukipanga mabomba ya maji ya mji huo huo, nukta haina msaada wowote.

Nitaendelea na koordineti. Karibuni.

---

NdogoNdogo

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, kwa hiyo Google Maps si GIS?

---

Bi_Takwimu

@NdogoNdogo nyuma yake kuna GIS kubwa sana. Wewe unaonyeshwa dirisha moja tu: tafuta mahali, pata njia. Huwezi kuingiza jedwali lako la wagonjwa ukaliuliza ni wangapi wanaishi bondeni. Tofauti iko kwenye nani anauliza swali.

---

Mzee_wa_Skeli

Uzi wa maana. Naongezea ya John Snow maana najua kuna mtu ataileta, na ataileta vibaya.

Hadithi inayozunguka: London, 1854, kipindupindu kinaua Soho, daktari Snow anachora ramani ya vifo, anaona vimezunguka pampu ya Broad Street, mpini wa pampu unaondolewa, ugonjwa unakwisha. Mpini kweli uliondolewa, tarehe 8 Septemba. Ila kufikia siku hiyo vifo vilikuwa tayari vimeanza kupungua, na ile ramani maarufu ilitayarishwa baadaye. Snow alishawishi viongozi wa eneo kwa orodha ya vifo na kwa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanachota wapi.

Ninachokipenda mimi ni wale ambao HAWAKUFA. Karibu na pampu palikuwa na kiwanda cha bia ambacho wafanyakazi wake hawakuugua kipindupindu kikali. Walikuwa wanapewa bia, na hawakuwa na haja na maji ya pampu. Palikuwa na nyumba ya kulelea maskini, watu mamia, vifo vichache. Ilikuwa na kisima chake. Hayo hayaonekani kwenye nukta. Yanaonekana kwenye jedwali la sifa, ndilo analosema mleta uzi.

---

NdogoNdogo

Mzee umeshusha nondo. Sasa nina shida ya vitendo. Nimeingiza faili la nukta 300 hivi kutoka kwenye jedwali, zote zimerundikana baharini magharibi mwa Afrika. Hakuna nukta yangu hata moja iliyo huko. Nimekosea nini?

---

Pembe_Tatu

Swali lako limekuja wakati wake, ndipo nilipotaka kufika. Mahali hapo ni Ghuba ya Guinea, latitudo 0 na longitudo 0. Wana-GIS wanapaita Null Island. Kisiwa hakipo, paliwahi kuwekwa boya la hali ya hewa tu, lakini kwa data mbovu ni mji mkubwa.

Zipo njia mbili za kufika huko. Kama nukta zote ziko kwenye sifuri kamili, basi seli za koordineti ni tupu au programu imeshindwa kuzisoma kama namba (angalia mkato badala ya nukta ya desimali), ikaweka sifuri. Kama ukikuza ramani unaona zimetawanyika kidogo, makumi ya mita kati yao, basi koordineti zako ni nyuzi lakini umeiambia programu kuwa ni mita. Nyuzi 36 za longitudo zikageuka mita 36 mashariki ya sifuri.

Kwa kweli ukijua dalili, makosa mengi ya koordineti unayatambua kwa macho:

Nukta zimeruka upande wa pili wa ikweta, au wa pili wa Greenwich? Alama ya kutoa imepotea. Kusini na magharibi ni namba hasi, aliyeandika "1.3 S" akaifuta S amehamisha kijiji.

Nukta zimehama kama kilomita 10,000 kwenda kaskazini au kusini? Umechanganya kanda ya UTM (mfumo wa koordineti za mita unaogawa dunia kwa kanda) ya kusini na ya kaskazini. Kwenye UTM nusu ya kusini huongezewa mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi, na hizo ndizo unazoziona.

Zimehama makumi au mamia ya mita, zote upande mmoja, umbo lao likiwa sawa? Hiyo ni datumu. Dunia si mpira kamili. Nusu kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi cha kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi. Kila datumu ina umbo lake la dunia na namna yake ya kulifunga ardhini. GPS inatumia WGS 84. Ramani za zamani za nchi nyingi zilitumia nyingine, mathalani NAD27 kwa Amerika Kaskazini. Namba zile zile, datumu mbili, sehemu mbili tofauti.

Ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote: latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Kwa Singapore utagundua mara moja, kwa sababu latitudo 103 haipo. Mwisho ni 90. Lakini chukua Cairo, takriban 30.04 kaskazini na 31.24 mashariki. Zibadilishe nafasi: unaangukia pembezoni mwa Alexandria. Bado uko Misri, bado uko mjini, ramani inaonekana safi kabisa, na umekosea kwa zaidi ya kilomita 150. Chanzo ni kwamba mdomoni tunaanza na latitudo, lakini kwenye kompyuta X hutangulia na X ni longitudo. GeoJSON kwa mfano, aina mojawapo ya faili la data za ramani, inataka longitudo kwanza.

---

NdogoNdogo

Zilikuwa zimetawanyika kidogo. Nimebadili iwe EPSG:4326 (msimbo wa WGS 84 kwa nyuzi) zimekaa mahali pake 🙌

---

Kijana_wa_Kodi

Kwa heshima zote, haya mambo ya koordineti na projeksheni (namna ya kulaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa) mnayakuza mno. QGIS inapanga yenyewe. Nimefungua tabaka (seti moja ya data) la nyuzi na la UTM pamoja, vimelaliana vizuri tu bila mimi kugusa kitu. Mwanzoni amwacheni afurahie.

---

Pembe_Tatu

@Kijana_wa_Kodi kulaliana kwenye skrini ni kweli. Programu inabadilisha kwa ajili ya kukuonyesha tu. Data ndani ya faili haijaguswa. Siku ukiomba hesabu ndipo utalipia.

Mfano. Tabaka lako liko 4326, kipimo chake ni nyuzi. Unaomba bafa, yaani eneo linalozunguka kitu kwa umbali fulani, ya 500 ukifikiria mita. Unapata bafa ya nyuzi 500, ambayo inameza dunia, na hapo angalau utashtuka. Mjanja mwingine anasema sawa, uzi mmoja ni kilomita 111, nitaweka 0.01 nipate kilomita 1.1. Kwenye ikweta, amepatia. Helsinki, karibu na latitudo 60, uzi mmoja wa longitudo ni kilomita 55 na kitu tu, kwa hiyo bafa yake ni kilomita 1.1 kaskazini na kusini lakini kama nusu ya hapo mashariki na magharibi. Ni yai, na kwenye skrini linaonekana duara.

Eneo ndiyo mbaya zaidi. Ramani nyingi za mtandaoni zinatumia Web Mercator, EPSG:3857. Mercator alitengeneza projeksheni yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia: ukishika mwelekeo mmoja wa dira, njia yako ni mstari mnyoofu. Kwa kazi hiyo ni kitu cha akili sana. Gharama yake ni ukubwa. Kwenye latitudo 60 urefu unaongezeka mara mbili, na eneo mara nne. Ndiyo maana Greenland inaonekana kulingana na Afrika wakati Afrika ni kubwa kuliko hiyo kama mara 14. Mtu anayekokotoa hekta za msitu wa Finland moja kwa moja kwenye mita za 3857 anaandika ripoti ya msitu mara nne au zaidi ya ulivyo.

Kazi ya eneo dogo: tumia UTM ya kanda yako. Dunia imegawanywa kanda 60, kila moja nyuzi 6 za longitudo, kipimo ni mita. Kazi ya bara zima na unataka eneo: tafuta projeksheni inayotunza eneo, mfano Albers au Mollweide. Hakuna inayotunza kila kitu, chagua unachohitaji kisidanganywe.

---

Bi_Takwimu

Na naomba nikazie jambo moja hapo, maana nimesahihisha kazi nyingi za aina hii. Kuna vitufe viwili vinavyofanana kwa jina. Kimoja kinaiambia programu "data hizi ZIKO kwenye mfumo huu". Kingine kinasema "ZIHAMISHIE mfumo huu" na kinakokotoa namba upya. Mtu mwenye data za nyuzi anataka mita, anabonyeza cha kwanza. Amebandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi. Cha kwanza ni kwa data iliyokuja bila lebo au yenye lebo ya uongo, basi. Ukitaka kuhama, hifadhi faili jipya lenye mfumo mpya.

---

Kijana_wa_Kodi

Sawa bafa mmenishinda. Lakini kwa ramani ya kuonyesha tu msimamo wangu uko pale pale.

---

Mzee_wa_Skeli

Kwa kuonyesha tu hata mimi sina ugomvi. Ugomvi ni pale "kuonyesha tu" inapofika kwa bosi akauliza "ni hekta ngapi hizo?"

---

Chungu_Nne

Habari wakuu. Mimi natoka upande wa afya, data zangu hazina koordineti, zina majina ya wilaya na idadi ya wagonjwa tu. Naweza kutumia GIS?

---

Bi_Takwimu

Unaweza, na pengine watu wengi wanaanzia hapo. Unatafuta tabaka la poligoni za wilaya, kisha unaunganisha jedwali lako nalo kwa safu inayofanana. Shida ni neno "inayofanana". Kwako wilaya imeandikwa kwa herufi kubwa, kwao ina nafasi moja ya ziada mwishoni, au imegawanywa mbili tangu mwaka juzi. Kompyuta haina huruma: herufi ikipishana, wilaya inabaki nyeupe.

Kama kuna misimbo rasmi ya maeneo, unganisha kwa misimbo na uachane na majina. Lakini ilinde dhidi ya programu ya majedwali. Marekani, msimbo wa jimbo la Alabama ni 01. Fungua faili hilo kwenye programu ya majedwali, inaona namba, inatupa sifuri, inabaki 1. Unahifadhi, na sasa majimbo yote yenye sifuri mbele hayaungani. Safu ya msimbo iwe maandishi, siyo namba.

La pili, usipake rangi idadi. Wilaya yenye watu wengi itakuwa na wagonjwa wengi, wapiga kura wengi, mbwa wengi, kila kitu kingi. Utakuwa umechora ramani ya idadi ya watu kwa mara ya elfu. Gawa kwa idadi ya watu kwanza. Na hata hapo, wilaya yenye watu 200 wagonjwa wawili itang'aa nyekundu kuliko mji mkuu, kwa hiyo angalia namba zilizo nyuma kabla hujatangaza mlipuko.

---

Chungu_Nne

Hilo la mbwa nimelielewa kabisa 😂 Asante dada. Data za bure za setilaiti nazo zinapatikana wapi?

---

Pembe_Tatu

Ziko nyingi. Landsat ya kwanza ilirushwa 1972, na tangu 2008 kumbukumbu zote ni bure. Pikseli za setilaiti zake za sasa ni mita 30 kwa mikanda mingi (mkanda ni sehemu moja ya mwanga inayopigwa picha). Sentinel-2 za Ulaya zina mita 10 kwa mikanda mikuu na zikiwa mbili hurudi sehemu ile ile kila baada ya siku 5. Mwinuko: SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha Endeavour Februari 2000, safari ya siku 11 tu, na hadi leo watu wanakula matunda yake. Barabara na majengo: OpenStreetMap, ya tangu 2004, watu wa kujitolea, ubora unatofautiana mtaa kwa mtaa.

Onyo kuhusu pikseli. Pikseli ya mita 30 ni mita za mraba 900 zenye namba moja. Njia ya upana wa mita 4 haipo humo kama njia. Imeyeyuka na majani yaliyo kando yake. Kukuza picha hakuongezi taarifa, kunakuza sanduku.

Na jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Ukibadilisha ukubwa wa pikseli au projeksheni ya rasta, programu inakokotoa thamani mpya. Kwa mwinuko, wastani wa majirani ni sawa. Kwa rasta ya matumizi ya ardhi ambako 1 ni msitu, 2 ni maji, 3 ni makazi, wastani wa 1 na 3 ni 2. Kila msitu unapopakana na makazi, umechimba mto. Kwa misimbo, chagua jirani wa karibu, yaani thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi, siyo wastani.

---

Kijana_wa_Kodi

Hiyo ya mto sikuwahi kuifikiria. Nimekubali.

Mimi nichangie upande wa mafaili. Shapefile, namna maarufu ya kuhifadhi vekta, si faili moja. Kuna .shp yenye maumbo, .shx ya faharasa, .dbf yenye jedwali, .prj yenye mfumo wa koordineti. Ukinitumia .shp peke yake umenitumia mifupa. Majina ya safu mwisho herufi 10, kwa hiyo "idadi_ya_watu_2012" na "idadi_ya_watu_2022" hukatwa vibaya. Siku hizi hifadhi GeoPackage, kila kitu faili moja.

---

Zamu_ya_Usiku

Natumia simu kuzunguka shamba, app inanipa eneo. Naweza kutegemea?

---

Mzee_wa_Skeli

Inategemea ukubwa wa shamba. Simu ya kawaida, anga likiwa wazi, hukosea mita 5 hivi. Chini ya miti au kati ya maghorofa huzidi. Kipande cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Kila upande ukipungua mita 5 unasoma 225, ukizidi mita 5 unasoma 625. Shamba la mita 500 kwa 500, kosa hilo hilo ni kama asilimia 2 tu. Kwa hiyo kukadiria mbegu za shamba kubwa, sawa. Kwa mpaka na jirani, mwite mpimaji mwenye kifaa cha sentimita na alama za msingi.

Na usihadaike na desimali. App inaweza kukuandikia tarakimu 14. Desimali ya tano tayari ni kama mita moja. Zilizobaki simu yako haina uwezo nazo.

---

Zamu_ya_Usiku

Nimekupata mzee. Swali la mwisho: mbona ile app niliwahi kuiwasha nikiwa ufukweni ikaniambia niko mita kadhaa chini ya bahari?

---

Mzee_wa_Skeli

GPS hupima kimo kutoka kwenye elipsoidi, lile umbo laini la kihesabu, si kutoka usawa wa bahari. Usawa wa bahari hufuata mvutano wa dunia, na umbo lake linaitwa geoidi. Viwili hivyo havikutani: kusini mwa India geoidi iko kama mita 100 chini ya elipsoidi, upande wa New Guinea iko zaidi ya mita 80 juu yake. App nyingine hurekebisha, nyingine hukupa kimo kibichi. Tazama kwenye mipangilio kama kuna chaguo la geoidi au EGM96 (modeli mojawapo ya geoidi). Na hata ikirekebisha, kimo cha simu huyumba kuliko latitudo na longitudo, kwa sababu setilaiti unazozipata zote ziko juu yako, hakuna iliyo chini ya miguu.

---

NdogoNdogo

Bafa yangu ya kwanza ya mita, UTM, imetoka. Shule 41 hazina kisima ndani ya kilomita mbili. Kesho naleta swali la jinsi ya kupima kwa njia za miguu badala ya mstari mnyoofu, maana kuna mto katikati na nadhani 41 ni chache.